Kuku wa uani na usingizi wa jirani

Kwenye mitaa iliyobanana kama Manzese au Tandale jijini Dar es Salaam, dirisha la jirani liko hatua chache tu kutoka bandani. Hapo jogoo awikaye alfajiri hana nafasi, tunasema wazi. Tetea hutaga bila jogoo. Jogoo ni wa kupata vifaranga, nao vifaranga hununuliwa. Matetea wanne wanatosha mayai ya nyumbani.

Harufu nayo huchochea ugomvi, na chanzo chake ni unyevu: maranda ya bandani yakilowa, kinyesi hutoa amonia. Yageuzwe kila siku, yaliyolowa yatolewe, chombo cha maji kisivuje. Chakula kikae kwenye ndoo yenye mfuniko, panya wasikisogelee. Chanjo ya mdondo irudiwe kila miezi 3, kwa kuwa ugonjwa huo huvuka ukuta. Na kabla ya kupigilia msumari wa kwanza wa banda, mfugaji abishe hodi kwa jirani.