Dawa unayomeza leo, kesho imo mtoni

Ukisha kumeza tembe zako na kupata nafuu, je, umewahi kujiuliza dawa hiyo huenda wapi? Wengi hudhani huishia mwilini. Sivyo. Chukua amoksilini, dawa ambayo wazazi wengi jijini wamewahi kuwapa watoto wao. Takriban asilimia 60 ya dawa hiyo hutoka na mkojo katika muda wa saa 6 hadi 8 ikiwa bado haijabadilika. Kutoka chooni huingia katika maji-taka, na pale mabomba yanapopasuka au vyoo vinapomwaga mtaroni, safari huishia mtoni.

Si jambo la kubuni. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maji ya bonde la Mto Nairobi. Walikuta humo antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, ikiwemo sulfamethoksazoli, mojawapo ya dawa mbili zinazounda Septrin.

Pengine utasema, 'Si heri mto utibiwe?' La hasha! Dawa ikiwa kidogo huwaua bakteria wanyonge na kuwaacha walio sugu. Hao huzaana, na hata huwagawia wenzao usugu huo. Mtoto akiambukizwa na bakteria kama hao, labda kwa mboga iliyonyunyiziwa maji ya mto, tembe za daktari zaweza kushindwa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya usugu huu alipopokea tuzo la Nobel mwaka 1945.

Sasa, mitambo mingi ya kusafisha maji-taka haikuundwa kuondoa dawa, na ile inayoweza ni ghali mno. Lakini kuna njia nafuu: kinamasi cha kutengenezwa.

Huchimbwa shimo pana lisilo na kina kirefu, likatandikwa plastiki nzito ili maji yasipenye ardhini, kisha likajazwa changarawe na kupandwa matete au mafunjo. Maji-taka hutuama kwanza ndani ya tangi ili uchafu mzito ubaki chini, halafu hupita polepole katikati ya changarawe. Kwa kuwa maji hayaonekani juu, mbu hawapati pa kutagia.

Humo ndimo kazi hufanyika. Dawa kama tetrasaiklini hunata kwenye changarawe na matope. Nyingine huvunjwavunjwa na vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi. Palipo na kidimbwi cha wazi, jua nalo huvunja baadhi yake. Mmea wenyewe hunyonya kiasi kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kuwapa vijidudu hao makao na hewa.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1994 kinamasi cha aina hiyo kilijengwa jijini Nairobi kusafisha maji-taka ya mkahawa wa Carnivore na mabwawa ya kuogelea ya Splash. Hakikujengwa kwa ajili ya antibiotiki, lakini kilionyesha kwamba mimea na mawe vyaweza kusafisha maji-taka hapa hapa kwetu.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kinamasi huhitaji nafasi, changarawe huziba isipotunzwa, na sulfamethoksazoli, kwa kuwa hainati sana, huweza kupenya. Wala maji yanayotoka humo si ya kunywa.

Kwa hiyo kazi huanzia nyumbani. Usinunue antibiotiki kwa sababu ya mafua, kwani mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui. Uliyeandikiwa na daktari, tumia kama ulivyoagizwa. Zikibaki, usizitupe chooni wala kwenye sinki. Muulize mwuza dawa au hospitali kama watazipokea. Nawe mwanafunzi, shule yenu ikiwa na uwanja na maji-taka yasiyo na pa kwenda, mwulize mwalimu wa sayansi kuhusu matete na changarawe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unapita chooni kwako.