Kamera ya kwanza: hela iende kwenye lenzi

Wengi wetu huku Muscat na Doha tunaweka akiba ili tukirudi nyumbani tupige picha za harusi. Sawa kabisa. Ila tunakimbilia bodi mpya, halafu lenzi ni ile ile ya 18-55 ya kwenye boksi, ambayo ukumbini usiku inahangaika na giza. Sisi tunaona bora bodi iliyotumika (tuulize imeshapiga picha ngapi) na lenzi ya 50mm f/1.8, bei yake nafuu na inaingiza mwanga mwingi. Ya 18-55 ibaki kwa picha za ukoo mzima. Wa Nikon D3500 wachukue AF-S au AF-P, maana bodi hiyo haina mota ya kuzungusha lenzi za zamani. Na jamani, ada ya watoto isiguswe. Kamera itasubiri mshahara ujao.