Kazi ya Taksi: Motokari ni ya Nani?

Ndugu wafanya kazi, vijana wa Lubumbashi wanatuuliza sisi makarani wa mgodi: tuache kungoja kazi ya kampuni, tushike taksi? Nami nawauliza: motokari ni ya nani?

Mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi, feza mkononi; kwa hiari yao, ndivyo karatasi zilivyosema. Jirani wa baba yangu alinunua motokari kuukuu ya Japani, iliyopitia Dar es Salaam, usukani upande wa kuume. Mwanzoni alikula vizuri. Injini ilipokufa, hakuwa ameweka hata faranga.

Lakini yule alikuwa bwana wa chombo chake. Shofere wa motokari ya mwingine je? Abiria wawepo, wasiwepo, jioni mwenye mali anadai hesabu kamili. Mafuta na polisi wa barabara wamekwisha kula. Akiugua, hana hospitali wala mshahara. Babu zetu wa Union Minière walipewa posho na nyumba, na bado waligoma mwaka 1941!

Kijana, dai mkataba wa maandishi: hesabu ya siku, siku ya kupumzika, nani analipa matengenezo. Mwenye motokari akikataa kuandika, mrudishie ufunguo wake.