Onyesha Hiyo Grainda, Bana

Wiki iliyopita niliweka video ya taa ya kifuu. Sekunde 40 hivi: mikono yangu, kifuu cha nazi, msasa, mafuta kidogo, halafu taa inawaka na ukuta wote unajaa nyota. Gitaa inalia chini chini. Video ikaenda fiti. Kisha msee mmoja akanitafuta kwa inbox, anataka mbili. Nikamwambia moja ni 1,500. Akauliza kama nimetoboa na mkono. Nikamjibu ukweli: hapana, ni drili. Jibu lake lilikuja mbio: "Kumbe ni mashine imefanya kazi yote. Basi nipe kwa 500."

Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaiangalia ile video tena, nikajiuliza, sasa huyu angejua aje? Drili haionekani. Grainda haionekani. Hata vumbi halipo, nilipangusa meza kabla ya kurekodi. Hiyo hadithi ya kijana na kifuu chake na utulivu mwingi, ni mimi nilimuuzia. Alipogundua kuna waya wa stima nyuma ya kamera, akahisi amechezwa. Na kwa kweli alikuwa amechezwa, ila si kwa bei.

Sisi wenye video za mapambo ya nyumba tuna hii tabia. Tunaficha mashine kana kwamba ni aibu. Halafu tunashangaa watu wakidhani mashine ni udanganyifu.

Wacha niwaambie taa ya kifuu inafanywa aje. Kwanza unatafuta nazi iliyokomaa, si dafu, kwa sababu kifuu cha dafu bado ni laini. Unatoa nyama, unakwangua nyuzi za nje. Hapo ukitumia msasa wa mkono pekee, andaa jioni mbili na vidole vya kuuma. Kwa mashine ni nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo tu mashine imeniokolea. Baada ya hapo nachora nyota kwa penseli, tundu karibu 300, halafu natoboa moja moja. Ukibonyeza sana, kifuu kinapasuka na kazi ya siku imekwisha. Ukibonyeza kidogo, ncha inateleza kwa sababu kifuu ni mviringo, inakuja moja kwa moja kwa kiganja. Niko na kovu hapa chini ya kidole gumba. Sikuwa nimekibana kwa jiliwa, nilikuwa nimekishika tu na mkono, ujinga wa haraka. Kwa hivyo mtu akiniambia mashine imefanya kazi yote, nikuulize buda, ni mashine gani inajua pa kuacha?

Tena si kitu kipya. Uchongaji wa Wakamba tunaouona kwa maduka ya watalii unahusishwa sana na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wachongaji waliomfuata walitumia tezo, msumeno, patasi. Vyote ni vyuma, na hakuna mtu alimwambia mchongaji "tezo ndiyo imefanya, punguza bei." Chombo ni chombo. Tofauti yangu naye ni waya wa stima, na tokeni inayoisha katikati ya kazi.

Nitakubali kitu kimoja. Ukichora kwa kompyuta, ukabonyeza kitufe, na mashine ikakata vibao 100 vinavyofanana kama mapacha, hiyo ni biashara nyingine. Ni biashara halali, lakini usiiite kazi ya mikono. Mimi sina vifuu viwili vinavyofanana hata nikitaka.

Sasa kile kinaninyima usingizi kuliko hiyo 500. Kuna kijana wa sekondari aliniandikia ameanza kukata vipande vya mti vya kuweka vikombe. Akatuma picha. Grainda ndogo, kinga yake imetolewa ili diski kubwa itoshee, na diski yenyewe ni ya kukata chuma. Grainda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa haikutengenezwa kuhimili hiyo kasi, na ikipasuka, kinga iliyokuwa ikate njia ya vipande vyake imelala kwa droo. Alikuwa amevaa slipa. Nilimpigia simu usiku huo huo. Lakini alijifunza wapi kwamba hii kazi ni mikono mitulivu na gitaa? Kwetu. Kwangu.

Na vumbi je? Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Si mchezo. Kule Tabaka, Kisii, wanaosugua vinyago vya jiwe la sabuni kwa msasa huvisugua ndani ya maji, vumbi linabaki kwa beseni. Sisi wa mashine ya stima hatuwezi kumwaga maji hapo, utajipiga shoti. Kwa hivyo ni barakoa ya N95, miwani, na kufanyia nje. Kile kitambaa cha kufunga mdomo tulichozoea, unga wa msasa unapita tu.

Video yangu ijayo ni bakuli la mti wa mwembe. Nimerekodi kila kitu, kelele ikiwemo, na miwani inayonifanya nionekane kama panzi. Dakika moja nzima ni grainda inapiga mayowe na keya anakuja kuuliza nitamaliza saa ngapi, kwa sababu Jumapili watu wanalala. Gitaa nimetoa.

Taa bado iko kwa shelfu. Ni 1,500.