Ushauri wa kliniki haujazi sufuria

Mama wa kaya maskini mkoani Mtwara asipompeleka mtoto kliniki, ruzuku yake ya TASAF inaweza kukatwa. Akimpeleka, mtoto hupimwa, kadi hujazwa, naye huagizwa ampe mboga za majani, matunda na samaki. Atavinunua kwa nini, haulizwi. Kisha tunamlaumu kwa uzembe!

Marekani, chini ya sheria yake ya kilimo ya 2018, hugharimia miradi ambayo daktari humwandikia mgonjwa wa kipato cha chini mboga na matunda, kama anavyoandika dawa. Asituambie mtu kuwa hayo ni ya matajiri. Kuanzia 2004 wajawazito wa nchi hii walipewa hati punguzo kliniki, wakanunulia chandarua dukani. Vocha za mbolea nazo zilifika vijijini. Fungu la mchicha lina ugumu gani?

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Dhidi ya janga hilo, halmashauri zimeagizwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto wa umri huo. Kwa mwaka.

Fedha zaidi zipo, na zinapita mbele ya macho yetu. Bandari ya Mtwara ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya karanga, baada ya Vita Kuu ya Pili, kwao mafuta ya kula yalipoadimika. Mpango ule wa karanga ulikufa 1951. Bandari ikabaki, na leo inasafirisha korosho, zao ambalo halmashauri hutoza ushuru wa asilimia 3. Chini ya mikorosho hiyohiyo, mabibo yanayolishinda chungwa kwa vitamini C huoza au huishia kwenye pombe.

Halmashauri zitenge sehemu ya ushuru huo kwa hati za mboga, matunda na dagaa. Zitolewe kliniki kwa mtoto aliyepungua uzito na mjamzito aliyepungukiwa damu, hasa Januari hadi Machi, fedha za korosho zikiwa zimekwisha na mahindi mapya bado shambani. Muuza mboga alipwe kwa simu ndani ya wiki. Akicheleweshwa, atazikataa hati, na atakuwa na haki.

Wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Septemba 2022. Bajeti ijayo ya halmashauri isipokuwa na kifungu cha hati hizo, madiwani waikatae.