Garimoshi Dogo la Kuanzia: Tununue Lipi?



Wiki hii nimeletewa suali na dada mmoja wa hapa Mombasa, nami nimeona nilijibu ukurasani kwa kuwa huenda likawafaa na wengine. Mwanawe, mwenye umri wa miaka 11, ameweka fedha zake za Idd kwa miaka mitatu. Hataki baiskeli wala simu. Ataka garimoshi dogo la moshi, lile liendalo mezani juu ya reli zake. Mapenzi hayo ameyarithi kwa babu yake, ambaye ujanani alikuwa mchochea moto katika magarimoshi ya Afrika Mashariki. Babu sasa ni mkongwe. Ya jana humponyoka, lakini ya reli angali ayakumbuka. Mjomba wa kijana, aishiye Uingereza, yuaja likizo mwezi ujao, naye amepiga simu kuuliza, "Niwaletee lipi?" Dada yetu hakuwa na jibu, na fedha zenyewe si za kujaribia.

Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Zamani nilitaka kumfurahisha mwanangu, nikaona dukani kichwa cha garimoshi kirefu, cha kijani, chenye behewa lake la makaa nyuma. Nilikinunua kwa kupenda macho. Tulipokifikisha nyumbani na kukiweka juu ya kijiduara cha reli tulichokuwa nacho, kila kilipofika penye kona kilitoka njiani. Siku ya nne kikaingia kabatini nyuma ya kioo, na hakikutoka tena. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Lakini kosa halikuwa la kichwa kile. Mimi ndimi niliyenunua kabla ya kupima meza.

Basi la kwanza, dada yangu, ni kupima nafasi. Saizi ipatikanayo kwa wingi zaidi Uingereza huitwa OO. Humo kila kitu kimepunguzwa mara 76 hivi, na upana kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Iko saizi nyingine iitwayo N, ambayo upana wa reli zake ni milimita 9 tu. Hiyo huokoa nafasi, lakini ni midogo mno kwa vidole vya mtoto na kwa macho ya mzee. Chagueni OO.

Kona za OO huuzwa kwa vipimo maalumu. Ile kali kabisa ya kawaida ina nusu kipenyo cha milimita 371, na inayofuata ni milimita 438. Duara kamili la kona hii ya pili lahitaji kiasi cha sentimita 88 kutoka reli hadi reli ya upande wa pili, na yafaa kuacha upana wa kiganja kila upande ili garimoshi lisianguke sakafuni. Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, kama uuzwao kwa maseremala wetu, watosha kabisa. Vichwa vingi vikubwa havikubali kona ile kali ya kwanza; ndicho kilichonipata mimi.

La pili ni magurudumu. Vichwa hivi havichemshi maji. Ndani yake mna mota ndogo ya umeme wa volti 12, nao umeme hupanda kutoka kwenye reli kupitia magurudumu. Vilivyo rahisi kuliko vyote huwa na magurudumu manne tu. Huenda, lakini pale reli zinapogawanyika pana kipande cha plastiki kisichopitisha umeme, na kichwa kifupi kikipita polepole hukwama hapo, mtoto akawa hana budi kukisukuma kwa kidole. Chenye magurudumu sita hushika reli mahali pengi zaidi, hivyo hakikwami upesi. Wakati huo huo si kirefu hata kikashindwa na kona.

Kwa hivyo jawabu langu kwa mjomba ni hili: alete kichwa cha magurudumu sita kibebacho maji yake mwilini, kisicho na behewa la makaa nyuma. Mfano mwema ni vile vya kampuni ya zamani ya Great Western vyenye matangi ya maji kama mashogi yaliyoning'inia mbavuni mwa punda. Kati ya mwaka 1929 na 1950 viliundwa 863 vya aina moja tu, kwa ajili ya kupanga mabehewa stesheni na kuvuta treni za safari fupi. Hornby na Bachmann wote wameviiga vichwa vya namna hii. Hornby wana pia fungu la bei nafuu liitwalo RailRoad. Humo mapambo madogo madogo yamepunguzwa, na vishikio vingi vimeumbwa pamoja na mwili badala ya kubandikwa. Kwa mtoto hiyo ni faida, kwa kuwa kisichobandikwa hakibanduki.

Ikiwa hamna reli wala kidhibiti mwendo, mjomba atazame kwanza seti kamili. Ndani ya sanduku moja mna kichwa, mabehewa, duara la reli na kidhibiti, na mara nyingi bei yake huwa chini ya kununua kimoja kimoja. Lakini asitazame picha ya juu ya sanduku tu. Ahesabu magurudumu, na asome kona ni za kipimo gani. Vilivyotiwa sauti na mitambo ya kidijitali bei yake hupanda sana, hayo yangoje.

Vya mkononi navyo vyaweza kuwa nafuu, kwa sharti moja: kiendeshwe mbele ya macho yake, polepole, mbele na nyuma. Baadhi ya vile vya zamani vina mota ndani ya behewa la makaa, na magurudumu yaliyovishwa vipete vya mpira ambavyo hukauka na kukatika. Mwenye kuanza asijipe kazi ya ufundi kabla hajaionja furaha.

Sasa yatuhusuyo sisi watu wa pwani. Reli za chuma za seti za zamani hushika kutu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Aulizie reli za nikeli-silva, ambazo hazili kutu ile. Reli na magurudumu yapanguswe mara kwa mara kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo. Mafuta ni tone moja la yale mepesi yasiyodhuru plastiki. Mafuta ya nazi yabaki jikoni. Kidhibiti cha Uingereza kitaingia ukutani kwetu bila taabu, kwani plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa na umeme wakaribiana. Cha Marekani kimeundwa kwa volti 120, nacho kikichomekwa hapa kitaungua.

Kijana aambiwe ukweli mmoja mapema. Kichwa hiki hakitafanana na vile alivyochochea babu yake. Reli yetu ya zamani ilikuwa ya upana wa mita moja, na majitu yake makubwa, magarimoshi 34 ya Garratt yaliyopewa majina ya milima, yaliundwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Hayo hayauzwi katika seti za wanaoanza. Moja lao, Mount Gelai, limo katika makumbusho ya reli Nairobi, nalo lastahili safari siku mtakayojaaliwa.

Lakini moto, maji, mvuke na gurudumu ni vile vile. Ubao huo, dada yangu, usiuweke chumbani kwa mtoto. Uweke pale aketipo babu. Kichwa kikipita mbele yake, mwanao na amuulize maji yalitiwa wapi, na moto ulichochewaje. Fedha zikipungua, punguzeni mabehewa. Reli nzuri na kichwa kiendacho visipunguzwe. Mabehewa yatanunuliwa Idd nyingine. Masimulizi ya babu hayana hakika ya kungoja.

Wabillahi tawfiq.