Kazi ya Mshahara na Kazi ya Maisha

Swali hili huwakosesha usingizi vijana wetu, na watu wazima pia: nimeumbiwa nini, na ninakwenda wapi? Mwenye ajira huliuliza ofisini, asiye nayo huliuliza kijiweni. Kuuliza si kosa. Hatari ni kuuliza miaka nenda miaka rudi mikono ikiwa imekunjwa, mtu akingoja cheo kije kumjibu.

Mtazameni mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha, na baadaye utumishi ukamhamisha idara kwa idara. Kalamu ya ofisini ilikuwa ya bwana mkubwa. Ya nyumbani ilikuwa yake, naye hakuiweka chini. Lau angalisema, "Nitaandika nikipata nafasi," Waswahili tungalikosa vitabu kama Kusadikika na Adili na Nduguze, kwani alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53 tu. Hati alizojaza forodhani hazina msomaji leo. Vitabu vyake vinasomwa.

Tena, miongoni mwa vitabu hivyo umo wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa kike wa Fumba, Unguja, aliyetembeza vyungu ili apate riziki. Sauti aliyonadia vyungu ndiyo iliyorekodiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Hakungoja utajiri ndipo aimbe.

Atasema mtu: "Tumbo halina subira, mwenye njaa atatafutaje lengo la maisha?" Ni kweli, na asiwepo wa kudharau kazi inayomlisha. Lakini wawili hao hawakuzaliwa katika neema. Walitafuta riziki kama sisi, na ndani ya shida hiyo hiyo wakajitengea kazi nyingine.

Kazi ya maisha ina alama mbili. Kwanza, huifanya hata usipolipwa. Pili, yuko mwingine anayefaidika nayo. Ikikosa alama ya pili, hiyo ni starehe yako tu. Ikikosa ya kwanza, utaichoka mapema. Jipime kwa alama hizo kabla ya kulaumu bahati.

Ukishaitambua, anza kwa kiasi ulichonacho. Fundi cherehani mwenye moyo wa kufundisha, mchukue mtoto mmoja wa jirani jioni umwoneshe kukata kitambaa. Mlinzi mwenye hadithi za bibi yake, nunua daftari uziandike zisipotee. Njia huonekana kwa anayetembea. Aliyeketi ataiona ya wenzake tu.

Nanyi wazazi, msimkatishe tamaa kijana kwa kuwa kazi anayoipenda haijaingiza senti. Mhimizeni atafute riziki ya halali, na muda unaobaki msimpokonye.